Habari za Wageni Wajao Kuwatazama Sokwe wa Pwani ya Kigoma

Mtu asimamaye asubuhi katika pwani ya Kibirizi, kaskazini kidogo ya mji wa Kigoma, aona mashua za namna mbili zikiondoka. Za kwanza ni zile ndefu za mbao ziendazo vijijini, zimejaa akina mama na vikapu vyao, magunia ya unga, kuku waliofungwa miguu, na madumu ya mafuta. Za pili ni ndogo, zina turubai juu, na ndani yake wameketi wageni wanne au watano wenye kofia pana na darubini shingoni, pamoja na nahodha wao. Zote mbili zafuata njia moja, zikiambaa na ufuko. Wala abiria wa mashua ya kwanza hawaachi kuwakodolea macho wale wa mashua ya pili na kuulizana: Watu hawa wametoka mbali hivi, wamelipa fedha nyingi hivi, kwa ajili ya kumtazama sokwe tu? Hawamwindi, hawamkamati, hawamli. Wamtazama muda wa saa moja, kisha warudi kwao.

Swali hili tumeulizwa na watoto shuleni, nasi tumelijibu kadiri tulivyoweza. Lakini wako wazee waulizao swali jingine lililo zito zaidi, nalo ni hili: Je, wageni wale walipokuja mara ya kwanza, hawakuja kuichukua nchi? Swali hili halijibiwi kwa neno moja, wala si haki kulicheka. Kwa hiyo tumeona vema kueleza habari hizi tangu mwanzo wake, kadiri zilivyoandikwa na kukumbukwa.

Kwanza na ijulikane ya kuwa kupeleka wageni kwa mitumbwi katika ziwa hili ni kazi ya kale sana kwa watu wa Ujiji. Mwezi wa Februari 1858 walifika Ujiji Waingereza wawili, Burton na Speke, wakiongoza msafara uliotoka pwani ya bahari. Walitaka kuona kichwa cha ziwa upande wa kaskazini, wapate kujua kama mto Rusizi waingia ziwani au watoka. Hawakuwa na chombo. Speke alivuka kwanza kwenda ng'ambo ya magharibi kuomba jahazi la Mwarabu mmoja, akarudi mikono mitupu. Ndipo walipomwendea Kannena, mkubwa wa Kawele, naye akakubali kuwapeleka kwa mitumbwi miwili, mmoja mkubwa na mmoja mdogo, baada ya kudai nguo na shanga nyingi mno. Burton alinung'unika sana juu ya bei ile. Msomaji akisikia leo wageni wakilalamika juu ya bei ya mashua, ajue ya kuwa malalamiko hayo yana umri wa zaidi ya miaka mia na sitini katika pwani hii. Walifika Uvira, lakini wapiga makasia wakakataa kuendelea kwa kuwaogopa watu wa mbele, nao wakarudi bila kuuona ule mto.

Jambo lile lilimalizwa na Livingstone na Stanley. Stanley alimkuta mzee yule Ujiji mwaka 1871, na mwezi wa Novemba mwaka huo huo waliingia wote wawili katika mtumbwi uliochongwa kwa gogo la mvule kutoka Ugoma, ng'ambo ya ziwa, wakasukumwa na wapiga makasia kumi na sita wa Ujiji. Kila jioni walitua ufukoni, wakapiga hema, wakapika, wakalala, kukicha wakaendelea. Walikaa majini na ufukoni siku 28, wakauona Rusizi ukiingia ziwani, si kutoka. Mtu akiitazama safari ile vizuri ataona ya kuwa ndiyo mfano wa safari zote za wageni zilizofuata: mtumbwi, hema, mpishi, na wenyeji wajuao mahali pa kutua salama na mahali penye watu wakali.

Lakini iko tofauti moja kubwa. Walipopita chini ya milima ile ya kaskazini ya Ujiji, waliona nyani wengi ufukoni na miambani, na mmoja mkubwa akapigwa risasi, akapimwa urefu wa mwili na wa uso, vipimo vikaandikwa katika kitabu. Hivyo ndivyo wasafiri wa siku zile walivyomjua mnyama: kwanza afe, kisha apimwe. Livingstone mwenyewe, alipokuwa Manyema kabla ya kufika Ujiji, aliandika habari nyingi za mnyama aliyeitwa soko, ambaye ndiye sokwe wetu. Mapema mwaka ule wa 1871 alipewa sokwe mchanga jike, aliyekamatwa mama yake alipouawa, naye mzee akaeleza kwa huruma jinsi mtoto yule alivyonyoosha mikono kama mtoto wa mtu atakaye kubebwa. Huruma ilikuwako, basi. Ila hakuna aliyefikiri bado kuketi mwituni kimya na kumngoja sokwe aliye hai aendelee na shughuli zake.

Na wenyeji je? Wenyeji waliwajua. Waha wa milimani walijua sokwe walala wapi, na matunda gani wayapenda, na mwezi gani washuka mabondeni. Watu wengi wa pwani hii hawali nyama ya sokwe, na hii ni sababu moja iliyofanya sokwe wabaki hapa wakati walipokwisha mahali pengine. Maarifa haya hayakuandikwa, yalikaa vichwani mwa watu, na wageni waliokuja baadaye waliyakuta yakiwangoja. Tutayarudia.

Habari za reli na meli tutazipita upesi, maana kila mtoto wa Kigoma huzijua. Reli ya kati ilifika Kigoma mwaka 1914. Mwaka uliofuata, wakati wa vita, Wajerumani waliishusha majini meli yao Graf von Götzen, iliyoletwa vipande vipande katika maelfu ya makasha kutoka Papenburg. Waliizamisha wenyewe mwaka 1916, Waingereza wakaiinua mwaka 1924, na tangu 1927 ikaitwa Liemba. Kwa miaka mingi Liemba ndiyo iliyowachukua wakulima, wavuvi, wachuuzi, na baadaye wageni waendao Mahale, ikiwateremsha usiku katikati ya maji, mbele ya Lagosa, kuingia katika mashua ndogo zilizokuja kuipokea. Wale walioteremka hivyo, huku mashua zikigongana na watu wakipokezana mizigo na watoto gizani, hawalisahau jambo hilo maisha yao yote.

Mwaka 1943 serikali ya Kiingereza iliitenga nchi ya Gombe kuwa pori la akiba. Ni nchi nyembamba, kama kilomita 35 za mraba za nchi kavu, tangu ufukoni hata ukingo wa juu wa milima, nayo imekatwa na vijito vingi vya maji baridi: Kasakela, Kakombe, Mkenke, Mitumba na vinginevyo. Kulima na kujenga humo kukazuiwa. Wavuvi waliendelea kupiga vibanda vyao ufukoni wakati wa dagaa, na wachache wakabaki. Hapa ndipo lilipoanza neno la wazee. Nchi iliyotengwa ilikuwa na makaburi na mashamba, na aliyeitenga hakutoka katika pwani hii.

Basi, tarehe 14 Julai 1960 mashua moja ya serikali ilitia nanga Gombe. Ndani yake walikuwamo mwanamke Mwingereza mwenye umri wa miaka 26, jina lake Jane Goodall, na mama yake Vanne, na mpishi wao Dominic. Yule binti hakuwa amesoma chuo kikuu. Alikuwa mwandishi wa ofisi aliyependa wanyama tangu utoto. Aliyemtuma ni Dk. Louis Leakey wa Nairobi, mtafuta mifupa ya watu wa kale, ambaye aliamini kwamba mtu akiwajua sokwe waliokaa kando ya ziwa, ataelewa kidogo maisha ya wazee wetu wa zamani sana. Wakubwa wa serikali walikataa mwanamke kukaa mwituni peke yake. Ndiyo sababu mama yake akaja. Nao hawakuja Gombe moja kwa moja. Kongo ilikuwa imepata uhuru wake mwishoni mwa mwezi wa Juni kwa machafuko, na Wabelgiji waliokimbia walikuwa wamejaa Kigoma, hata ikawabidi mama na binti kungoja mjini na kusaidia kukata mikate kwa ajili ya wakimbizi.

Walipopiga hema, wenyeji waliwatazama kwa mashaka. Nani aachaye kwao Ulaya aje kukaa mwituni kuwatazama sokwe? Ikasemwa ya kuwa ametumwa kuwahesabu sokwe, na kwamba akiona mmoja ataandika kumi, ili serikali ipate hoja ya kuishika nchi daima. Kwa hiyo wazee walitaka mtu wao afuatane naye kila siku milimani, ashuhudie hesabu. Sisi twaona ya kuwa shauri lile lilikuwa la watu wenye akili. Hawakumpiga mgeni, hawakumfukuza, wala hawakumwamini bure. Walitaka kuona kitabu chake kinaandikwaje. Bibi Goodall mwenyewe aliisimulia habari hii baadaye bila kinyongo.

Aliyeupunguza ule mashaka, tena upesi kuliko mtu mwingine yeyote, alikuwa ni mama. Bibi Vanne alifungua zahanati ndogo ya makuti karibu na hema, akawapa wavuvi dawa za kichwa na za tumbo, akaosha vidonda vya miguu kwa maji ya chumvi ya uvuguvugu, saa nyingi, siku nyingi, mpaka vikapona. Habari ikaenea ufukoni. Yeye alirudi kwao baada ya miezi michache, lakini urafiki aliouacha ulimsaidia binti yake miaka mingi.

Nao sokwe? Miezi ya kwanza walimkimbia tu. Alipokuwa bado ng'ambo ya bonde, waliingia majanini. Askari wa wanyama Adolf na mwongozi Rashidi Kikwale walipanda naye, wakamwonyesha mapito ya wanyama na miti yenye matunda. Kisha akajichagulia kilele kimoja kinachotazama mabonde mawili, akapandisha huko sanduku la bati lenye blanketi, birika, kahawa na maharage, akaketi. Hakujificha, wala hakuwafuata mbio. Alivaa nguo za rangi ile ile kila siku, akaketi mahali pale pale, hata sokwe wakamzoea kama wazoeavyo jiwe. Hiyo ndiyo siri yote ya kazi ile, na twapenda vijana waifikirie. Mwenye bunduki humaliza shughuli yake kwa dakika moja. Mwenye darubini hana budi kuwa na subira ya mvuvi.

Mwishoni mwa Oktoba 1960 aliona sokwe wakila nyama, jambo ambalo wenye elimu hawakulijua. Walidhani hula matunda na majani tu. Siku chache baadaye, mapema Novemba, aliona jambo kubwa zaidi. Sokwe dume mwenye ndevu za mvi, ambaye alimwita David Greybeard, alikuwa ameketi kwenye kichuguu. Alichukua ubua wa jani, akautia katika tundu, akangoja, akautoa taratibu ukiwa umejaa mchwa walioung'ata, akawala kwa midomo. Tena aliona sokwe wakichuma kijiti na kukipukusa majani yake kwanza, ndipo wakitumie. Wataalamu wa Ulaya na Marekani walikuwa wakifundisha kwamba mtu pekee ndiye afanyaye vyombo. Habari hii ilipowafikia, ikawabidi wafikiri upya.

Baada ya muda David yule yule alishuka kambini kula ngazi za mchikichi uliokuwa pale, akaona ndizi hemani, akaiba. Bibi akafurahi, akaamuru ndizi ziwekwe kila siku. Hugo van Lawick, mpiga picha, akafika mwaka 1962, na picha zake zikaenda katika gazeti la Marekani mwaka 1963 na katika sinema mwaka 1965. Watu mamilioni wakaiona pwani yetu ambao hawakupata kulisikia jina la Kigoma. Twaweza kusema ya kuwa wageni wote wa leo walianza kufunga mizigo yao siku ile.

Walakini ndizi zile zilileta matata. Sokwe walikusanyika wengi mahali pamoja kuliko ilivyo desturi yao, wakapigana, na nyani nao wakaja kupigania fungu lao. Mwaka 1966 ugonjwa wa kupooza, ambao ulikuwa umewapata watu wa wilaya ile, ukawaingia sokwe. Wengine walikufa, wengine wakaburura mikono isiyo na nguvu mpaka mwisho wa maisha yao. Dawa ya kinga iliyoletwa kutoka Nairobi ilitiwa ndani ya ndizi, wakapewa sokwe mmoja mmoja. Tangu hapo ilijulikana ya kuwa sokwe huambukizwa maradhi yetu kama sisi wenyewe, na kwamba mtu apendaye kumkaribia sana aweza kumwua bila kukusudia. Ndizi zilipunguzwa, na mwaka 2000 zikakomeshwa kabisa.

Mwaka 1968 serikali ya Tanzania iliifanya Gombe kuwa hifadhi ya taifa. Wakati huo kazi nyingine ilikuwa imekwisha kuanza upande wa kusini, nayo haina budi kutajwa, maana wengi husahau. Mwaka 1965 Mjapani mmoja, Toshisada Nishida wa chuo kikuu cha Kyoto, alifika Kasoge, chini ya milima ya Mahale, yapata kilomita 120 kutoka Kigoma kwa njia ya maji. Nchi ile ni ya Watongwe. Mlima wao mkubwa, Nkungwe, wenye urefu wa meta 2,462, ulikuwa mahali pa kuheshimiwa katika desturi zao, na misitu yake haikukatwa ovyo. Nishida alikaa kijijini, akajifunza lugha na majina ya miti kutoka kwa wazee wa Kitongwe, akapanda miwa ili kuwavuta sokwe, nao wakazoea. Miwa na ndizi zilikomeshwa huko mwaka 1987. Yeye alifariki mwaka 2011, na wanafunzi wake wameendelea.

Katika miaka ya 1970, wakati wa kuanzisha vijiji vya ujamaa, watu wa Kasoge walihamishwa, na mwaka 1985 Mahale ikawa hifadhi yenye kilomita za mraba 1,613. Hatuwezi kuliruka jambo hili. Mtu apitaye leo katika msitu ule aona miembe, mipera na milimau katikati ya miti ya mwitu. Hiyo haikuota yenyewe. Ni miti ya nyumba za watu. Na walioichunguza nchi wameandika ya kuwa sokwe, ambao zamani hawakuyagusa matunda haya, walijifunza kuyala baada ya wenyewe kuondoka. Mgeni afurahi kuona sokwe akila embe. Mzee wa Kitongwe akumbuka aliyeupanda mwembe ule. Sisi hatuoni kwamba mmoja wao akosea.

Turudi Gombe. Mwezi wa Januari 1974 Hilali Matama, mmoja wa vijana wa pwani hii waliokuwa wakiandika habari za sokwe, aliona jambo la kutisha. Sokwe wa kundi la Kasakela walikwenda kimya mpaka katika nchi ya kundi la Kahama, wakamkuta dume mmoja peke yake juu ya mti, wakamvuta chini, wakampiga na kumng'ata mpaka wakamwacha hoi. Huyo hakuonekana tena. Kabla ya hapo makundi hayo mawili yalikuwa kundi moja. Vita ile ilidumu miaka minne, na kundi la Kahama likaisha. Watu wa mbali waliposoma habari hizi hawakutaka kuziamini. Walikuwa wamependezwa na sokwe wapole wa sinema.

Usiku wa tarehe 19 Mei 1975 watu kama arobaini wenye silaha walivuka ziwa kutoka Zaire kwa mashua, wakaingia kambini Gombe, wakawakamata wanafunzi wanne wa kigeni, Wamarekani watatu na Mholanzi mmoja, wakavuka nao usiku ule. Baada ya wiki nyingi za mashauri na malipo wote wanne waliachiliwa wakiwa hai. Lakini wanafunzi wa kigeni waliondolewa Gombe, na kwa muda mrefu Bibi Goodall mwenyewe hakuruhusiwa kukaa huko kama zamani.

Hapa ndipo twaomba msomaji atulie. Wageni walipoondoka, ilidhaniwa kazi imekufa. Haikufa. Hilali Matama, Hamisi Mkono, Eslom Mpongo, Yahaya Almasi na wenzao, wengi wao wakiwa watu wasiosoma shule nyingi, waliendelea kupanda milima alfajiri, kuwafuata sokwe kutoka kiota mpaka kiota, na kuandika kwa Kiswahili kila walichokula, kila waliyekutana naye, kila mtoto aliyezaliwa. Habari za miaka ile, ambazo leo husomwa katika vyuo vikuu vya dunia, ziliandikwa kwa mikono yao. Kuwatazama sokwe hakukuwa tena ajabu ya mgeni mmoja. Kulikuwa ni ufundi wa watu wa vijiji hivi, na baba alimfundisha mwanawe.

Nao wageni wa kutazama tu, wale ambao siku hizi huitwa watalii, wamewafuata nyuma watu hao. Mgeni wa leo apelekwa kwa mashua mpaka Gombe kwa muda wa saa mbili au zaidi kidogo kwa mashua za kawaida. Aendaye Mahale asafiri kwa maji kutwa nzima, au huruka kwa ndege ndogo kisha amalizia kwa mashua, maana hakuna barabara ndani ya hifadhi ile. Alala katika hema au banda ufukoni, kwenye mchanga mweupe, mbele yake ziwa lenye kina cha meta 1,470, nyuma yake mlima. Asubuhi mwongozi atangulia. Wafuata mlio wa sokwe, wapanda, wateleza, washuka, wapanda tena. Wakiwakuta, kila mgeni afunika mdomo na pua kwa kitambaa. Hawakaribii zaidi ya meta kumi. Hawali mbele yao, hawatemi mate, na mwenye kikohozi huachwa kambini hata kama amelipa. Saa moja ikiisha, warudi. Desturi ya vitambaa ilikazwa baada ya mwaka 2006, sokwe kadhaa wa Mahale walipokufa kwa ugonjwa wa kifua kama mafua.

Sisi wenyewe tuliwahi kwenda Gombe na wanafunzi. Mashua tuliyokodi, ambayo mwenyewe hatutamtaja, ilizimika njiani mara mbili, mara ya pili upepo ukiwa umekwisha kuinuka, na watoto wengine wakalia. Tulifika mchana, tumelowa. Sokwe walikuwa mbali juu, na wadogo hawakuruhusiwa kupanda. Wakubwa walirudi jioni wakiwa wamechubuka magoti, kimya, jambo ambalo si desturi yao. Kijana mmoja, ambaye baba yake ni mvuvi wa dagaa kijiji cha jirani, alituambia: “Mwalimu, amenitazama.” Alizaliwa katika vijiji vinavyopakana na hifadhi, lakini hakuwahi kumwona sokwe hata siku moja. Ada ya mwananchi ni ndogo sana ikilinganishwa na ya mgeni, lakini kodi ya mashua ni ile ile, na kwa nyumba nyingi za pwani hiyo ndiyo inayofunga mlango. Wenye mamlaka wakipata njia ya kuwapeleka watoto wa Mwamgongo na Mtanga japo mara moja kabla hawajamaliza shule, twaamini itazuia ukataji wa miti kuliko mabango.

Maana miti ndiyo shida. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 Bibi Goodall aliruka kwa ndege ndogo juu ya nchi hii, akaona Gombe imebaki kama kisiwa cha kijani katikati ya milima mitupu. Mwaka 1960 msitu ulikuwa umeendelea mbali kando ya ziwa. Watu walikuwa wameongezeka, wakimbizi wamekuja kutoka nchi za jirani, na kila jungu lataka kuni. Akaona ya kuwa haiwezekani kumlinda sokwe huku jirani yake ana njaa. Mwaka 1994 ikaanzishwa kazi iitwayo TACARE: vitalu vya miche vijijini, mikopo midogo kwa wanawake, maji, kahawa ya milimani kupatiwa soko, na vijiji vyenyewe kutenga misitu yao na kuchagua walinzi wao. Ni wanakijiji waliokaa barazani na kuchora mipaka. Hili latofautiana sana na mwaka 1943, wakati mpaka ulipochorwa na mtu aliyetoka mbali.

Basi, tuwajibu wazee. Yule binti hakuwa mdanganyifu. Hakuandika kumi alipoona mmoja. Lakini nchi ilizidi kufungwa alipokwisha kuja, Gombe mwaka 1968 na Mahale mwaka 1985, na sifa aliyoiletea ilisaidia kuifunga. Waliodai kushuhudia hesabu yake walikuwa na haki. Na lau wasingekuwapo waliokataza mashoka, milima ile leo ingekuwa mitupu kama jirani zake, na mitumbwi ya wageni isingekuwa na pa kwenda. Mambo yote mawili ni kweli, nasi hatujui njia ya kulifuta moja kwa jingine.

Bibi Jane Goodall alifariki tarehe 1 Oktoba 2025 huko Marekani, alipokuwa katika safari ya kuhutubia, mwenye umri wa miaka 91. Mashua za Kibirizi ziliondoka kesho yake kama kawaida. Milimani, waandishi wa Gombe walipanda alfajiri na madaftari yao, wakawakuta sokwe wa Kasakela wangali vitandani mwao juu ya miti, wakaandika saa waliyoamka.